Paa la chokaa na sukari guru limekaa vizazi, slabu yetu inavuja mwaka wa nne. Tumekosea wapi?

#1 Mpangaji_Mylapore
Wakuu, habari za leo.

Niko Chennai, India, kimasomo. Nimepanga chumba cha juu kwenye nyumba ya zamani mtaa wa Mylapore. Wiki hii mwenye nyumba amefungua kipande cha paa ili likarabatiwe. Nilipanda nikaona lilivyojengwa, na tangu siku hiyo sina amani.

Paa ni bapa kama slabu zetu, lakini ndani hakuna nondo hata moja wala simenti. Chini kuna boriti za msaji. Juu ya boriti kuna vimatofali vyembamba vya kuenea kiganjani, vimesimamishwa kwa ubavu, vimekwenda mshazari na kushikana kwa chokaa. Juu yake zege la chokaa na vipande vya tofali, halafu vigae bapa, halafu lipu ya chokaa. Wenyeji wanaliita paa la Madras, kwa jina la zamani la mji huu.

Kilichonishika zaidi ni pipa. Fundi mzee ameloweka humo sukari guru na kokwa za mti wanaouita kadukkai, zimepondwa. Siku ya kwanza yalikuwa maji ya kahawia tu. Leo ni siku ya sita, yana povu, na ukiyainamia unasikia harufu ya tembo la mnazi lililolala. Maji hayo ndiyo anayokandia chokaa.

Nyumba ya wazazi wangu Tabata slabu ilimwagwa 2019, ikapakwa dawa ya kuzuia maji, risiti mama anayo mpaka leo. Masika ya 2023 dari ya jipsamu ya sebuleni ilishuka yote usiku mmoja, juu ya makochi.

Hoja yangu: siri iko kwenye lile pipa, na sisi tumeipita. Wajuzi karibuni.

#2 Kaka_Mbagala
Naweka kambi hapa. Na kwangu panavuja.

#3 Fundi_Zege
Kabla mtu hajakimbilia dukani kununua sukari guru, nisikilizeni kwanza. Sukari na simenti havikai chungu kimoja.

Nilikuwa saiti moja Kigamboni. Mchanga uliletwa na lori ambalo safari iliyotangulia lilibeba sukari, na bodi halikufagiliwa. Tukamwaga kipande cha slabu jioni. Asubuhi nikapanda, nikaweka kidole, kikazama. Saa sita mchana bado kinazama. Zege limekaa kama ugali uliokosa moto, juu lina ngozi, ndani uji. Lile eneo tulilibomoa kwa koleo, hatukuhitaji hata nyundo.

Mfuko wa simenti wa kilo 50 ukiutia gramu 25 za sukari, yaani vijiko vichache vya chai, tayari umechelewesha kuganda. Ukizidisha, inaweza kugoma kabisa. Kwa hiyo pipa la huyo mzee ni la chokaa. Msilipeleke kwenye simenti.

#4 Mpangaji_Mylapore
Asante mkuu, umeokoa watu. Nilimaanisha chokaa tupu. Mzee mwenyewe mtu akimtajia simenti anatikisa kichwa.

#5 Mkemia_wa_Mtaa
Mtoa mada, nakubaliana nawe nusu.

Chokaa ya kawaida inaganda kwa kula hewa. Inavuta kaboni dayoksaidi na kurudi kuwa jiwe, kama ilivyokuwa kabla ya kuingia tanuuni. Kazi hiyo inaanzia nje kuingia ndani, taratibu, miezi, na penye unene ni miaka. Mvua ikiiwahi kabla haijakomaa inaiosha. Sasa wajenzi wa India walipita wapi? Walitia surkhi, unga wa tofali la kuchoma. Udongo uliochomwa vizuri una silika na alumina. Vikikutana na chokaa na maji vinafanya gundi isiyoyeyuka majini, na inaganda hata mahali hewa haifiki. Warumi nao walisaga vigae na vyungu wakapata kitu hichohicho. Kwa hiyo kama mnamtafuta mganga wa paa hilo, ni tofali.

Sukari guru ina kazi yake. Inafanya chokaa iyeyuke zaidi kwenye maji, inalainisha mchanganyiko wa chokaa ili fundi atumie maji machache, na inampa muda kabla haujakaza. Maji yakiwa machache, vinyweleo vinavyobaki yakishakauka vinakuwa vichache. Kadukkai ina tanini nyingi, ile inayokausha ulimi ukitafuna ganda la ndizi mbichi. Sehemu nyingine za India walitia dengu ya uradi iliyosagwa, uwatu, na ute wa yai. Protini hizo zinasaidia lipu kukataa maji. Kule Chettinad, jimbo hilohilo la Tamil Nadu lenye Chennai, kuta za majumba ya matajiri zilisuguliwa kwa lipu ya chokaa yenye ute wa mayai mpaka zikang'aa kama sahani.

Mtoa mada, muulize mzee kama kuna unga mwekundu karibu na pipa.

#6 Mama_Uwatu
Kumbe uwatu unajenga na nyumba! Mimi najua wa kunyonyeshea na wa kutia kwenye achari. Na hilo neno "guru" kwenye sukari guru ni lao, wao wanasema gur. Tumelila miaka yote bila kujua lilikotoka.

#7 Bint_Shangani
Nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, naomba nitie neno kwa sababu naona uzi unaanza kuwapamba wazee kupita kiasi.

Nyumba zetu nazo ni za chokaa. Jiwe la matumbawe, chokaa ya kuchoma matumbawe hayohayo, boriti za mikoko. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti haiendi mbali, kiasi cha mita tatu hivi imekwisha. Na juu palikuwa bapa, sakafu ya chokaa iliyopigwa. Neno lenyewe sakafu ni la Kiarabu, kwao ni paa. Sisi tumelishusha chini tukalikanyaga.

Sasa panda leo juu ya mnara wowote pale mjini utazame. Unaona nini? Mabati. Mapaa yale bapa yalivuja, watu wakaanza kuyafunika kwa mabati ya mgongo tangu karne ya 19, na waliofunika ni haohao waliojua kuchoma chokaa. Wahindi wa mjini, waliokuja na mafundi wao na maduka yao ya mlango mpana mbele, nao wakafunika. Nyumba ya bibi yangu ina paa la chokaa chini na bati juu. Bati likitoboka, bibi alikuwa anajua kutu imetoboa wapi kwa sauti ya tone kwenye karai, maana makarai yake yote yana sauti tofauti.

Siwakatai wazee. Lakini Unguja mvua ya masika ililishinda paa la chokaa.

#8 Mhandisi_Mteremko
#7 umesema kweli, na nitaongeza moja linalouma. Mtoa mada anaona paa lililobaki. Yaliyovuja yakaoza boriti yakaanguka hayaoni, kwa sababu hayapo. Ukipita mtaa ukakuta nyumba kumi za zamani nzima, hujui mia ngapi zilishageuzwa kifusi. Kwa hiyo "vya kale vinadumu" ni hesabu iliyokosa upande mmoja.

Pili, paa lile halikukaa bila kuguswa. Chokaa ya juu ilikuwa inarudiwa kila baada ya misimu kadhaa, na kila familia ilikuwa na fundi wake wa kuja kabla ya mvua. Slabu yetu tunaimwaga, tunaipaka, tunaisahau mpaka jipsamu ianguke.

Na la tatu ndilo jina langu. Maji hayavuji mahali yasipokaa. Zege la kumalizia liwe na mteremko walau sentimita 1 kwa kila mita 1, na mdomo wa bomba uwe chini kuliko kila kitu. Nenda Tabata na kipimamaji, nakuhakikishia utakuta beseni.

#9 Kaka_Mbagala
Mhandisi kila uzi ni mteremko tu. Hata tukijadili ndoa utatuambia mteremko 😀

#10 Mhandisi_Mteremko
Na nitakuwa sahihi, mdogo wangu. Kwako Mbagala umeshapanda juu kuangalia?

#11 Kaka_Mbagala
Nimepanda leo kwa ajili yako. Kuna kidimbwi, na kuna vyura.

#12 Msimamizi_Muscat
Salaam kutoka Muscat. Mimi ni wa Mombasa, huku nasimamia saiti mwaka wa kumi na moja, na mafundi wangu wengi ni Wahindi, Wagujarati na Wamalayali. Nimejifunza kwao kitu ambacho hakijatajwa hapa, na kwa maoni yangu ndicho daraja kati ya pipa la mzee na dawa za dukani.

Wanakiita koba. Unachukua slabu ya zege ya kawaida. Unaisafisha, unapaka uji wa simenti. Juu yake unapanga vipande vya tofali la kuchoma, vilivyolowekwa maji mpaka viache kutoa mapovu, unavipanga kwa ubavu kwenye mchanganyiko wa simenti wenye dawa ya kuzuia maji. Hapohapo ndipo unapotengeneza mteremko, maana upande mmoja unaanza na unene mkubwa unapungua ukielekea kwenye bomba. Pembeni penye ukuta unapandisha duara, isibaki kona kali. Mwisho lipu ya kulainisha, inachorwa miraba kwa kamba ikiwa mbichi, ili nyufa zikija zifuate mstari. Kisha unaizungushia matuta ya udongo unaijaza maji siku kadhaa, inakomaa huku unaijaribu.

Mumbai majengo mengi ya ghorofa yamekingwa hivyo. Na juu ya koba wengine wanabandika vipande vya vigae vyeupe vilivyovunjwa, vinarudisha jua, chumba cha chini kinapoa. Tofali lenyewe linafanya kazi mbili, linazuia joto na linanyonya maji kidogo kidogo badala ya kuyapitisha.

Siku ya kwanza niliyoona fundi mmoja akipanga koba alikuwa anagonga kila kipande kwa mpini wa mwiko na kusikiliza. Kikilia "to" anakiacha. Kikilia "tu" anakitoa, maana chini yake pana uwazi. Eneo la mita kumi kwa nane aliligonga lote namna hiyo, amepiga magoti juani.

#13 Mhandisi_Mteremko
#12 umeeleza vizuri, lakini waambie na uzito. Koba ya sentimita 10 ni karibu kilo 180 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, ikiwa kavu. Ikinywa maji inazidi. Slabu iliyopigiwa hesabu bila mzigo huo usiiwekee. Nimeshaona watu wanatandika koba mpya juu ya koba ya zamani juu ya vigae, na chini kuna watoto wamelala.

Na koba ikishavuja, kutafuta tundu ni shida. Maji yanaingia pale, yanatembea chini ya vipande vya tofali mita tano, yanatokea kwingine kabisa. Unaweza kuziba mahali pasipo na kosa mwaka mzima.

#14 Msimamizi_Muscat
Kweli kabisa. Hiyo ndiyo sababu huku wengi wamehamia membreni, yaani shuka la lami la milimita 4, ya kubandika kwa moto wa gesi. Lakini nayo ina adabu zake. Slabu iwe kavu, ipakwe praima ya kushikisha, kipande kikilalie kingine sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni, na ipande ukutani walau sentimita 15. Ukiibandika slabu ina unyevu, jua la Juni likiwaka unyevu unageuka mvuke na membreni inavimba kama chapati. Nimetoboa uvimbe mmoja kwa kisu, ukapumua.

#15 Simba_wa_Ujenzi
Mnahangaika bure. Taj Mahal imejengwa kwa mayai na maziwa, na mpaka leo imesimama. Simenti yenyewe imegunduliwa 1924 juzi tu, wenzetu walishamaliza kazi.

#16 Mkemia_wa_Mtaa
Mkuu, simenti ya Portland ilisajiliwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824, umeiruka karne nzima. Na Taj Mahal ni tofali na chokaa ndani, marumaru nje. Kinachoifanya ikatae maji zaidi ya chochote ni umbo. Kuba halikusanyi maji, yanateleza yenyewe. Tukisema mayai ndiyo yaliyojenga tunawavunjia heshima waliochonga mawe yale.

#17 Simba_wa_Ujenzi
1824, nimekubali, asante kwa masahihisho. Ila mayai hapo Chettinad umeyataja mwenyewe.

#18 Mkemia_wa_Mtaa
Kwenye lipu ya ndani, ndiyo.

#19 Dada_Nyegezi
Wakuu naomba msaada na mimi, Mwanza. Nyumba yangu ni ya paa la kuficha, ile mabati yamelala chini na ukuta umeyazunguka juu, kwa nje inaonekana kama boksi. Nilipendezwa na picha. Kati ya bati na ukuta kuna mfereji wa zege. Fundi wa kwanza akapaka lami ya maji, ikavuja. Wa pili akapaka juu ya lami rangi nyeupe ya mpira, ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Wa tatu ameniambia nibomoe.

Juzi mvua kubwa ilinikuta nyumbani, nikapanda ngazi na mwavuli. Mfereji umejaa mpaka juu, maji yanarudi ndani chini ya bati. Nikaingiza mkono kwenye tundu la bomba nikavuta majani ya mwembe, mfuko mweusi, na kiatu kimoja cha mtoto. Maji yakaondoka kwa kishindo. Sasa nauliza, kwa miaka miwili nilikuwa nalipia dawa ya nini?

#20 Fundi_Zege
Dada yangu, pole. Mfereji wa zege usiwe na tundu moja. Weka mawili, na juu kidogo toboa ukuta uweke bomba la dharura. Tundu likiziba, maji yanatokea nje ya ukuta unayaona, hayatokei sebuleni. Kisha chuna tabaka zote mbili, usipake la tatu juu ya zilizooza. Rangi ya mpira haishiki juu ya lami, na zile za akriliki hazipendi maji yaliyosimama hata zikishika. Mfereji unataka membreni, au polyurethane ya kumimina yenye kitambaa cha nyuzi katikati. Ningekuwa karibu ningekuja kuuona.

#21 Mhandisi_Mteremko
Kiatu cha mtoto. Wakuu, hapo ndipo ninapokaa usiku na mchana. Nusu ya mapaa ninayoitiwa tatizo lake ni bomba.

#22 Mpangaji_Mylapore
Naleta mrejesho. Nimemuuliza mzee kwa kutafsiriwa na mtoto wa mwenye nyumba. Unga mwekundu upo, ulikuwa chini ya turubai. Mkemia, hapo umepata pointi.

Lakini nilipomwambia kwamba siri ni tofali alikataa. Akasema siri ni kupiga. Akaniita jana. Walikuwa watu sita, wamechuchumaa mstari mmoja, kila mmoja na kibao cha mti chenye mpini, wanapiga lile zege la chokaa wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Mmoja ananyunyiza maji ya pipa kwa kata. Wamepiga siku ya tano sasa. Alinipa kibao nikapiga. Kipande cha siku ya kwanza kibao kinazama kidogo na kutoa mlio mzito. Kipande cha siku ya tano kibao kinaruka mkononi na mlio ni mkali, kama kupiga meza. Akasema kikiruka kote, wameshamaliza.

Tatizo ni kwamba mtoto wa mwenye nyumba ameleta mkandarasi mwingine, naye anasema vyumba viwili vya nyuma watandike membreni moja kwa moja juu ya chokaa ya zamani. Wameshindwa kuelewana, kwa hiyo mbele wanafanya ya mzee, nyuma wanafanya ya kijana.

#23 Bint_Shangani
Ulivyoandika kibao kinaruka nimesisimka. Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Sakafu ilipigwa na watu wengi, wengi wao wanawake, kwa nyimbo, na wimbo ndio ulioshika mwendo ili vibao vishuke pamoja. Picha za zamani zipo. Na tusisahau kwamba wengi waliopiga sakafu za majumba ya Unguja walikuwa watumwa. Siku nyingi za mikono sita au ishirini zilikuwa za bure kwa mwenye nyumba.

Mimi naanza kuamini hapo ndipo jibu lilipo. Hatukupoteza mapishi. Tulipoteza watu wa kukaa siku saba juu ya paa moja, na leo ukiwalipa haki yao, paa hilo ni la tajiri.

#24 Mkemia_wa_Mtaa
Kupiga kunafunga uwazi na kupandisha maji ya ziada juu, kwa hiyo mzee ana haki. Sisi kwenye zege tunatumia vaibreta, mashine ya kutikisa zege, dakika chache. Lakini tofauti kubwa inakuja baadaye. Chokaa ikipata ufa mwembamba, maji ya mvua yanayeyusha chokaa iliyobaki huru, yanaipeleka kwenye ufa, inaganda tena pale. Inajishona. Dawa za kisasa za fuwele, zile za unga za kutia kwenye zege au kupaka, zinafanya jambo la ukoo huohuo, zinakutana na maji na chokaa iliyomo kwenye simenti, fuwele zinaota ndani ya vinyweleo. Kwa ufa mwembamba kama unywele zinafaa. Ufa unaofunguka na kujifunga kila siku hazina uwezo nao.

#25 Mhandisi_Mteremko
Na slabu ya zege inatembea kila siku. Slabu ya mita 10, usiku na mchana zikipishana nyuzi 30 kwenye uso wake, inarefuka na kufupika kama milimita 3. Ukiibana pande zote kwa ukuta lazima ipasuke mahali. Vimatofali vya Madras na chokaa laini vinagawana mwendo huo kwenye viungo mamia. Hili silisemi kwa kuwapamba wazee, ni ukweli kwamba zege letu ni gumu kuliko hali yake ya hewa.

#26 Fundi_Zege
Kwa hiyo sasa siyo bomba?

#27 Mhandisi_Mteremko
Ni bomba, na ni mteremko, halafu ni huo ufa.

#28 Msimamizi_Muscat
Mtoa mada, membreni juu ya chokaa ya zamani inanitia wasiwasi. Chokaa inapumua. Mvua imeinyesha miaka, ndani kuna unyevu. Ukiifunga juu kwa lami, unyevu utashuka kwenye boriti za msaji, mahali zinapoingia ukutani, usipopaona. Waambie wasubiri kiangazi.

Na mtu asije akakushauri ulijaze maji kulijaribu kama tunavyofanya slabu. Maji ya sentimita 5 ni kilo 50 kwa mita ya mraba. Boriti ya umri huo usiipe mtihani wa namna hiyo.

#29 Bint_Shangani
Badala yake fanya alivyofanya bibi. Doa lililoko darini lizungushie mstari wa penseli, andika tarehe. Kila mvua uangalie kama limevuka mstari. Na kama una shaka ni maji ya juu au ni jasho la chumba, bandika kipande cha nailoni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka darini. Yakiwa upande wako, fungua madirisha.

#30 Kaka_Mbagala
Huyu bibi angekuwa mhandisi mkuu wa serikali.

#31 Mvumilivu_Pune
Nimechelewa uzi, niko Pune, India, si mbali na Mumbai. Nataka kusema kitu kuhusu Mumbai maana watu wanadhani wenzetu wamemaliza tatizo. Kila mwaka kabla ya Juni utaona turubai za buluu zikipandishwa kwenye mapaa mji mzima, na majengo mengi yameweka vibanda vya mabati juu ya slabu bapa, sawa na alivyosema Bint Shangani wa Unguja. Tarehe 26 Julai 2005 kituo cha hali ya hewa cha Santacruz, humo Mumbai, kilipima milimita 944 kwa saa 24. Dar es Salaam kwa mwaka mzima inapata kama 1,100. Kwa mvua ya namna hiyo wengi wameona heri bati.

Na India si moja. Kule Punjab na Delhi paa la zamani lilikuwa udongo ulioshindiliwa na mabua yaliyokatwakatwa, juu lipu ya udongo na samadi, halafu vigae. Linafaa kwa mvua ndogo na joto kali. Ukilipeleka Kerala halifiki Agosti. Kerala wenyewe wana paa la mgongo mkali, la vigae au makuti. Rajasthan wao walitumia chokaa kushika maji yasitoke, kwenye matangi ya chini ya ardhi wanayoyaita tanka. Kila mahali walikuwa na adui wao.

#32 Mama_Uwatu
Na huku kwetu tunachukua picha ya nyumba ya boksi kutoka nchi isiyo na masika. Dada wa Nyegezi nisamehe, sikusemi wewe.

#33 Dada_Nyegezi
Hujanikosea, Mama. Nimeshatoboa tundu la pili na bomba la dharura. Mvua mbili zimepita kukavu. Lami nitaichuna mwezi ujao.

#34 Mpangaji_Mylapore
Wakuu, samahani kwa ukimya, ilikuwa mitihani. Chennai mvua zetu ni Oktoba mpaka Desemba, zimeanza kwa nguvu. Nilichora penseli kama alivyoelekeza Bint Shangani, chumba changu cha mbele, chini ya paa la mzee, na chumba cha nyuma, chini ya membreni.

Chumba cha nyuma: doa halijavuka mstari hata kidogo baada ya mvua nne. Kavu. Ila ncha ya boriti mahali inapoingia ukutani imebadilika rangi, nyeusi nyeusi, na nikiigusa ni baridi. Msimamizi, nimekukumbuka.

Chumba changu: mvua ya kwanza doa lilivuka mstari upana wa vidole viwili. Nikavunjika moyo. Mvua ya pili likavuka kidole kimoja. Ya tatu na ya nne likabaki pale, na leo pembeni limeanza kuwa na ukingo mweupe wa chumvi. Mzee alipanda, akatazama, akapangusa ukingo ule kwa kidole akauonja, akasema bado inajifunga, nimngojee mpaka Pongal, sikukuu yao ya Januari.

Mkandarasi wa kijana naye amepita. Amesema amalizie na mbele.

#35 Mkemia_wa_Mtaa
Usimruhusu kabla ya Pongal. Na pima ile boriti ya nyuma kwa msumari, uone kama unazama.

#36 Mhandisi_Mteremko
Bomba la chumba chako liko upande gani?

#37 Mpangaji_Mylapore
Kusini, kona. Napanda sasa hivi na tochi kuangalia, imeanza kunyesha tena.